Jogoo wa Gesti

Juzi, kwenye mapokezi ya hoteli moja Kahama, niliona tangazo ukutani: ni marufuku kuingia na chakula kutoka nje. Nikacheka peke yangu, nikamkumbuka bibi na jogoo wake.

Nilikuwa bado mtoto, na baba alikuwa ametutoa kijijini kwetu Didia kwenda kupumzika Geita, kwenye gesti ndogo iliyokaa mlimani. Ilinukia sabuni ya unga na samaki wa kukaanga. Mama mwenye gesti alitoka mbio kutupokea mizigo, akasema, "Karibuni nyumbani." Basi mimi nikajua huyu ni shangazi. Nani mwingine angekupa kitanda chenye shuka jeupe namna ile?

Mara kikapu cha bibi kikawika.

"Mama, jogoo wa nini?" baba alinong'ona, jasho likimtoka. "Hapa tunalipa!"

"Wewe lipa," bibi akamjibu. "Mimi silali kwa mtu nimekuja mikono mitupu."

Mwenye gesti alimtazama bibi, akamtazama jogoo. Nikaogopa atatucheka. Akapiga magoti, akampokea jogoo kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," akashukuru, akimwita mama, kwa Kisukuma kilekile cha nyumbani.

Siku ya kuondoka alimfungia bibi dagaa kwenye gazeti. Leo najua hatukuwa na undugu naye hata kidogo, lakini njiani niliuliza tutarudi lini kwa shangazi. Baba alicheka mpaka akakohoa. Bibi hakucheka.

"Likizo ijayo," alinijibu. "Tutampelekea na tetea."