Mti Uliosomwa

Msomaji, mti ukisomwa, umeenda shule? Juzi Kitale, kwenye kaunta ya miche ya ofisi ya misitu, mama mmoja wa Myanga aliweka tawi kavu la saipresi.

"Shamba yote inakauka hivi. Nipe zenye hazitakauka."

Karani akainua mabega. Mimi, nyuma yake kwenye foleni, digrii ya jenetiki, kazi zero, nikadakia: "Mama, jenomu za saipresi na paini, yaani maandishi yote ya jeni zao, ni ndefu kushinda zetu, na sehemu kubwa ni maneno yaleyale yakirudiwa. Lakini sasa zinasomwa. Zikieleweka, tutapima jani la mche tujue kama utastahimili ugonjwa huu wa kukausha."

"Kumbe zinaludia kama pasta wetu," akacheka. "Sasa wewe umesoma, mti imesomwa. Si mkutane?"

Wakubwa wa misitu, tukutanisheni, bana. Fungueni maabara hapa kabla shamba la Myanga halijaisha.