Jina Lililoelea Juu ya Insha ya Wijdan

Jina lilikuwa linaandika insha ya mtu mwingine, mbele ya macho yangu, saa nane mchana.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliopita. Nikawa najitolea kuwafundisha wasichana wa mji wa Zarqa kuandika Kiingereza kwa mtandao. Kila mmoja ana waraka wake. Anaandika akiwa kwao, mimi nasoma nikiwa kwetu, na jina la anayeandika linaelea juu ya maneno yake.

Waraka ule ulikuwa wa Wijdan, miaka kumi na saba, mwanafunzi wangu bora.

Jina lililoelea lilikuwa Abu Saqr.

Baba wa Saqr. Na Saqr ni mdogo wake Wijdan wa kiume. Kwa hiyo ni baba mtu!

Nikafungua historia ya waraka, pale panapoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi.

Insha zote tamu, hata ile ya bibi anayetunga bamia kwenye uzi azikaushe: Abu Saqr.

Aya mbovu, za mtoto anayeanza shule: Wijdan. Zinaandikwa dakika tatu, zinakatika. Dakika nne, zinakatika. Kisha zinafutwa zote.



Nikamwachia maoni pembeni: "Wijdan, hii si kazi yako. Nani anakuandikia?"

Jibu likaja. "Naandika mwenyewe, mwalimu. Wallahi."

Na jibu lenyewe lilikuwa na jina la Abu Saqr!

Jioni Mutasim, mkuu wa kituo chetu, akapiga simu.

"Taghrid, jina la mwanafunzi wa ufadhili wa masomo nalitaka Alhamisi. Nafasi ni moja tu."

Nikamweleza.

Akacheka. "Wewe mtu akikusalimia vizuri unamwona malaika. Mkate huyo kwenye orodha."

"Nimpe mtihani kwanza."

"Mpe. Ila ukilia usinipigie."

Jumatano nikamwambia Wijdan aandike huku namwona. Shangazi yake akashika simu yake mwenyewe, kamera ikimwelekea binti.

"Shangazi, inua kidogo," nikasema.

"Mwalimu, unataka umwone mpaka kope? Haya, huyo hapo. Msumbue."

Nikampa mada: sauti unayoisikia kila siku.

Akainama kwenye simu. Vidole vikaanza kukimbia, na maneno yakawa yanatokea kwangu palepale. Aliandika kuhusu mlio wa magari yanayopita mitaani yakiuza mitungi ya gesi. Kwamba yote yanapiga wimbo uleule, lakini gari la baba yake analijua, kwa sababu spika yake inakohoa.

Vidole vyake. Kiingereza chake. Juu yake: Abu Saqr.

"Wijdan, mbona jina la baba?"

Akashangaa. "Si simu yake, mwalimu? Yangu kioo kimepasuka, herufi nyingine hazishiki mpaka uzibonyeze mara tatu. Baba akanipa yake ya kuandikia, akachukua ile mbovu aende nayo kazini."

Sasa yule "Wijdan" wa aya mbovu ni nani?

Sikumaliza kuwaza. Chini ya insha likatokea jina la pili. Wijdan. Na Wijdan mwenyewe mikono yake ilikuwa hewani, naiona.

Kiingereza kikaja kikichechemea:

"Mwalimu. Mimi baba. Binti andika mwenyewe. Mimi soma yake, kila gari simama, mimi jaribu andika. Kisha futa. Aibu. Leo ona maneno yako pembeni. Tafadhali usikate binti."

"Baba?" Wijdan akanong'ona. Alikuwa hajui.

Shangazi akapiga kelele: "Kaka yangu huyo! Watu wanangoja mitungi, yeye anaandika barua!"

Aya mbovu siku zote zilikuja baada ya insha, saa za kazi. Saa hizo nilikuwa nimezisoma. Sikuzifikiria, kwa sababu mwizi nilishampata.

Alhamisi nikapeleka jina la Wijdan. Ndiyo, nililia. Na ndiyo, nilimpigia Mutasim.

Ndugu zangu mnaofundisha kwa mtandao, chombo kitakuonyesha jina, saa na kasi. Hakikuonyeshi simu iko mkononi mwa nani, wala kwa nini. Hilo unamuuliza mtu, na unamuuliza kabla ya kumhukumu. Yale maoni yangu nimeyafuta, lakini Wijdan alishayasoma, na hakuna historia ya waraka itakayomrudishia ile siku.

Nikamfungulia baba yake waraka wake mwenyewe. Ukifungua mara ya kwanza, unajaza jina unalotaka lielee juu ya maneno yako.

Mtaa mzima unamwita kwa jina la mwanawe wa kiume, kama kawaida yetu.

Yeye akajaza: Abu Wijdan.