Jina la Saba

Mwezi uliopita mtafiti mmoja anayechunguza jinsi walimu wanavyoandaliwa alifika kwangu Kibamba. Mie huwafundisha watoto wa mtaani jioni, barazani. Chuo sikupita, nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Aliniuliza ni somo gani la utotoni ambalo sijalisahau. Nikamweleza habari za vizibo vya soda, akacheka, akaandika. Nusu ya pili sikumwambia. Wewe nitakuambia.

Tulikuwa darasa la tatu, wengi mno, wanne kwenye dawati la wawili. Asubuhi tulifika na fagio la chelewa na kidumu cha maji, tukafagia mpaka vumbi likatujaa puani, na ikifika mapumziko uwanja wote ulinukia mihogo ya kukaanga. Mwalimu wetu wa darasa alifundisha kwa kuimbisha: yeye anasema, sie tunarudia. Kisha akaja mwalimu wa mazoezi, dada mdogo kutoka chuoni, na mfuko wa vizibo. Akatupanga kwenye "nyumba". Kila nyumba ilipewa vizibo ishirini na vinne, ndiyo maandazi, na mama wa nyumba awagawie watoto wake sawasawa.

Mama wa nyumba yetu alikuwa binti wa jirani. Alihesabu kwa sauti, kidole juu ya kila kizibo, na akichanganyikiwa alivirudisha vyote katikati na kuanza upya. Tulimwita Mama Anza Tena. Mwenyewe alicheka. Mwalimu wa mazoezi hakumharakisha. Alichuchumaa pembeni, mikono magotini, akasubiri. Tangu darasa la kwanza yule binti hakuwahi kutoa sauti darasani. Sasa alikuwa haachi.

Ila nilikuwa na hofu, na sikuwa peke yangu. Mwalimu wa mazoezi alikuwa ameshafeli ukaguzi mmoja. Tulijua, kwa sababu mwalimu wa darasa alimsema mbele yetu: somo lako linatambaa, msimamizi wako wa chuo akirudi akute hivi, utarudia mwaka. Dada wa watu aliendelea kufuta ubao ambao ulikuwa tayari umefutwa.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa pili, mwalimu wa darasa aliniita mie, kiranja mwenye mwandiko mzuri. Niandike majina ya watakaotuharibia. Kesho watamwagilia bustani. Nikaandika sita, ambao kugawanya hawakujua kabisa. Akasema yanatosha. Nikaitazama karatasi, nikawaza somo zima limesimama huku mtu anarudisha vizibo katikati. Nikaongeza la saba. Hakuna aliyenituma. Binti wa jirani alijua kugawanya, alichelewa tu.

Kesho yake msimamizi alikaa nyuma na faili lake. Mie nilikaa mahali pa mama wa nyumba. Mwalimu wa mazoezi alipofika kwetu aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini mwenzangu yuko wapi.

"Anaumwa, mwalimu."

Nje kulisikika maji yakimwagwa kwenye mchicha. Tukageuka wote wawili. Binti wa jirani alikuwa amesimama dirishani na kopo mkononi, anaviangalia vizibo, midomo inahesabu. Mwalimu wa mazoezi alimwona. Alimwona vizuri kabisa. Akaniwekea mkono begani.

"Haya," akasema, "gawa."

Nikagawa bila kukosea hata kimoja.

Msimamizi alipoondoka, mwalimu wa darasa alimpa mwenzake mkono pale mlangoni. "Sasa ndiyo umekuwa mwalimu," akamwambia. Wiki zilizobaki mwalimu wa mazoezi hakuchuchumaa tena. Aliuliza swali, akamtaja anayejua, akaendelea. Mara nyingi alinitaja mie. Binti wa jirani alirudi kwenye ukimya wake mpaka akamaliza darasa la saba, na mama yake alikuwa akija kwetu kumwuliza bibi yangu mtoto huyu amepatwa na nini. Nilisikia yote nikiosha vyombo.

Lile jengo la shule limebomolewa, barabara imepita juu yake. Siku ya kuaga, mwalimu wa mazoezi aliniambia nitakuja kuwa mwalimu mzuri, nami nilifurahi wiki nzima. Leo barazani kwangu hakuna mtoto anayekosea. Waliokuwa wakikosea waliacha kuja, mmoja mmoja, na sijawahi kwenda kwao kuuliza.