Rangi Niliyoshindwa Kuichanganya

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kichwa cha mtu. Nilifua taulo, nikafagia nywele sakafuni, nikachemsha maji, na jioni miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama. Nilikuwa nimeshuka kutoka Ibaba, kwetu Ileje, na sikujua kwamba kuna nyumba ambamo mtu mzima anaingia akaoshwa nywele na mtu asiyemjua. Kwetu ulisukwa na dada yako barazani, na ukitikisika unachapwa kwa kitana.

Saluni ilikuwa Tunduma, mtaa wa nyuma ya barabara ya mpakani, pale ambapo malori hukaa foleni na wanawake wa upande wa Zambia huvuka kwa miguu kuja kununua vitu. Wakiingia walitusalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," nasi wafanyakazi wapya tulijifunza kuitikia "Bwino" kabla hatujajifunza kushika chanuo. Mwenye saluni tulimwita Madamu. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake, na hapa pia nitaliacha.

Madamu alikuwa Mnamwanga, mrefu, mweusi kwelikweli. Weusi wake ulikuwa laini, hauna doa, na alipaka mafuta mepesi tu asubuhi. Wateja wengi walikuja kwa sababu walimwona barabarani wakauliza anatunzwa wapi.

"Onyesha kucha zako," aliniambia jioni ile. Nilipozionyesha, akanipa mkasi. "Kata zote. Mwenye kucha ndefu ni mteja. Wewe unashika ngozi za watu."

Ndivyo alivyofundisha, kwa maneno machache na palepale. Ninyi mnaoanza leo mnajifunza kwenye simu, nami sina ugomvi na simu, ila nawaandikia alichonifundisha kwa sababu bado ni kweli. Kichwa kinaoshwa kwa ncha za vidole, kamwe si kwa kucha. Nywele zinachanwa kuanzia mwishoni kurudi kwenye ngozi, zikiwa na unyevu. Dawa, yaani ile krimu ya kulainisha nywele, haiwekwi kwa mtu aliyejikuna kichwa siku hiyo, na kabla ya kuiweka unapaka mafuta mazito kuzunguka paji la uso na masikio ili isiunguze. Baada ya dawa, nywele huingia kwenye stima, kile kifuniko kinachotoa mvuke, zipate kunywa mafuta. Na ukisuka rasta, usivute nywele za mbele. "Mteja akishindwa kufumba macho," alisema Madamu, "fumua, anza upya. Atakushukuru akiwa bibi."

Nilipopanda kutoka kwenye taulo hadi kusuka, na kutoka kusuka hadi dawa, ndipo akanitia kwenye kiti cha kupamba uso. Hapo alikuwa mkali zaidi. Poda na faundesheni hazichaguliwi chini ya taa. Unamtoa mteja mlangoni kwenye mwanga wa jua, unapaka kidogo kwenye taya, na ile isiyoonekana ndiyo yake. Kila krimu mpya inajaribiwa kwanza ndani ya kiwiko, mteja anarudi kesho yake. Na mtu akija kuomba mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu kali za kung'arisha ngozi uliokuwa ukivushwa mpakani ndani ya mabegi, Madamu alimsindikiza hadi nje kwa heshima. "Hapa tunatunza ngozi, mama. Hatuimenyi."

Miaka yangu ya mwanzo pale ilikuwa mizuri. Madamu alijifungua binti, Neema, nikawa nasuka wateja huku Neema yuko mgongoni kwangu. Alikuwa mweusi kama mama yake, na wateja walimpokezana kama kikombe cha chai.

Mume wa Madamu alikuwa wakala wa mizigo, mtu wa kugongesha mihuri kwenye nyaraka za malori na kusafiri Lusaka. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mtu wa utani. Aliingia saluni akatutazama, akasema, "Ninyi mnapendezesha watu, mbona mwenye duka amebaki giza?" Tulicheka kwa sababu yeye ndiye mume wa bosi. Madamu naye alicheka. Utani ule aliurudia, na kila aliporudia Madamu alicheka kidogo kuliko jana.

Sikuona uso wake ukibadilika, kwa kuwa nilikuwa nauona kila siku. Niliona mikono. Alikuwa akinipokea chanuo, nikaona vifundo vya vidole vimebaki vyeusi na mkono wote umekuwa wa rangi ya chai ya maziwa.

"Atupele, unatazama nini?"

"Mikono yako, Madamu."

"Ina nini?"

"Vidole vimebaki nyuma."

Alinishika kiwiko akaniingiza stoo, tukasimama kati ya maboksi ya shampuu. Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake alisema polepole, "Wewe hujaolewa. Mtu anayelala kitandani kwako akikutazama kama anatazama ukuta, utajua ninachosema."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha..."

"Najua nilichowafundisha."

Hatukulizungumza tena kwa muda mrefu. Kazi yangu ikaongezeka. Kila asubuhi, kabla ya wateja, nilimpamba Madamu. Ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na nilipoigusa ilikuwa ya moto. Jikoni hakukaa tena kwa sababu ya joto la mkaa, na jua la mchana alilikimbia. Nilimpaka kwa sifongo yenye maji baridi, nikigongagonga bila kusugua, na alifumba macho akasema ahsante kama mteja. Mara nyingi nilimwomba aache. Alijibu kwamba ameshajaribu, lakini akiacha uso unawaka moto, unavimba, unakuwa mweusi wa makovu, naye anarudia ili apate kulala.

Mumewe aliondoka hata hivyo. Alihamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke mwingine, na siku moja nilipovuka kununua weaving, zile nywele za kushonea, nikawaona wamesimama dukani. Yule mwanamke hakuwa mweupe. Alikuwa mweusi wa kawaida, kama mimi. Nilirudi, nikaweka mzigo chini, na Madamu akaniuliza bila kugeuka kutoka kwenye kioo, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi usiniambie chochote."

Baada ya hapo alifunga saluni. Alimchukua Neema, ambaye alikuwa ameanza shule, wakaenda kuishi kwa dada yake aliyeolewa Hasamba, kwenye mashamba ya kahawa. Siku ya kuondoka alinipa mkasi wake wa kazi, akajifunika kanga hadi machoni, akapanda gari.

Mimi nilihamia Vwawa, chini ya bosi tuliyemwita Meneja. Alikuwa kijana nadhifu mwenye vioo ukuta mzima na rafu nzima ya krimu za kung'arisha. Nilipomwambia mteja mmoja asinunue, Meneja aliniita pembeni. "Dada, hapa tunauza anachotaka mteja. Mahubiri yako peleka kanisani." Sikukaa. Nilikwenda Mlowo, nikafanya kazi kwa Mama Mkubwa, mjane mpole aliyependa mabutu ya watoto wa shule. Mwisho nikaitwa kwenye chuo kidogo cha ufundi, nikawa mwalimu wa urembo, na wanafunzi wangu wako Momba, Mbeya, wengine wamefika Ndola. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayojivunia, lakini siyo inayonijia nikiwa peke yangu.

Inayonijia ni siku ya sendofu ya Neema, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya ndoa. Madamu alituma mtu, nije kumpamba yeye na bibi harusi. Nilifika Hasamba asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nikagonga, akanifungulia mwanamke mwembamba mwenye viraka usoni, vyeusi na vyekundu, kama karatasi iliyoloweshwa ikakaushwa. Nilisema "Shikamoo" nikidhani ni shangazi fulani. Alipoitikia nikamjua kwa sauti.

Aliketi karibu na dirisha. "Atupele, leo sitaki kupendeza," aliniambia. "Nirudishe nilivyokuwa. Kwa leo tu. Wakwe wa mwanangu wasije wakadhani ametoka kwa mtu mgonjwa."

Nilitoa kila faundesheni niliyokuwa nayo, nikachanganya kiganjani. Ile rangi yake nilikuwa naikumbuka vizuri kuliko ya mama yangu mzazi, lakini kila niliyoipaka kwenye taya ilionekana. Nyeusi ilikuwa kama masizi. Nikiweka nyekundu kidogo ikawa tofali. Yeye alikaa, mikono magotini, na mimi nikafuta, nikachanganya, nikafuta tena.

Neema akaingia na kanga yake ya bibi harusi. Sikuwa nimemwona tangu utoto. Alikuwa mweupe. Alinikumbatia, "Mamdogo! Nilikukumbuka!" na nikaona vile vidole. Madamu aliviona pia, na nadhani, binti akiwa chuoni na yeye akilikimbia jua, ilikuwa mara ya kwanza kuvitazama kwenye mwanga wa kutosha, kwa sababu alimkamata mkono akaugeuza juu chini.

"Umeanza lini?"

"Mama, jamani. Leo siyo siku yake."

"Neema, umeanza lini?"

"Chuoni. Wote tunatumia."

Madamu alinigeukia. "Futa."

"Madamu?"

"Futa yote."

Nilifuta. Pamba ilitoka na rangi zangu zote, na uso ukabaki wenyewe, kwenye mwanga wa dirisha ambao haukuficha kitu. Akamvuta binti yake karibu. "Nitazame vizuri. Mimi nilianza nikiwa mzuri kuliko wewe. Inaishia hapa."

Neema alilia, lakini alijibu. "Zako zilikuwa za zamani, Mama. Za siku hizi siyo kali. Na mwenzangu ameniona hivi, amenichumbia hivi. Nikiacha leo atanioa nani?"

Madamu alimwachia mkono, akavaa kilemba chake, akasema wageni wasicheleweshwe.

Aliingia ukumbini bila poda. Wanawake walinong'ona. Mmoja wa upande wa bwana harusi aliniuliza yule mwenye uso ule ni nani, nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Ni mama wa binti yenu." Ngoma ilipopigwa, Madamu alicheza hadi kwenye meza ya wakwe, kichwa juu, akawashika mikono mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona amependeza namna ile hata enzi za saluni.

Msimu wa kahawa uliofuata aliugua uvimbe tumboni, akafanyiwa upasuaji. Uvimbe ulitoka salama. Ngozi ndiyo ilikataa. Daktari alitueleza kwamba nyuzi zilikuwa zikikata ngozi kama zinakata mkate mlaini, na akamuuliza Neema mama yake alikuwa akijipaka nini. Neema aliyataja majina ya krimu akitazama sakafu. Kidonda hakikufunga. Madamu alidhoofika wiki baada ya wiki, na akafariki.

Mimi na dada yake ndio tuliomwandaa. Niliosha nywele zake, zilikuwa bado nyingi, nikazisuka twende kilioni, ule msuko mwepesi wa mistari ambao wanawake wetu husuka wakipata msiba. Nilisuka kwa kulegeza, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kuumia. Neema alisimama mlangoni na pochi yangu ya vipodozi.

"Hutampaka chochote, Mamdogo?"

"Alisema nifute."

Akaiweka pochi chini, akaja akamshika mama yake miguu.

Sasa nimestaafu, nimerudi Ibaba, magoti hayataki tena kusimama kutwa. Mabinti wa kijijini huja kuniuliza waanzie wapi, na mimi huwaambia mambo madogo: oga, kunywa maji, paka mafuta mepesi, lala na kitambaa kichwani, chagua nguo inayokaa vizuri mabegani kabla hujaangalia rangi yake. Wananisikiliza kwa adabu. Wakitoka nawaona wakiangalia simu zao, na najua kuna uso mwingine humo wanaoutaka kuliko wao wenyewe. Nilifanya kazi ya kupendezesha watu maisha yangu yote, na bado sijui tufanye nini ili mtu akijitazama asijichukie.

Neema alikuja kunitembelea juzi na binti yake mdogo. Mtoto amechukua rangi yote ya bibi yake, Madamu. Nilimweka katikati ya magoti yangu nimsuke, akatulia, akacheza na vifungo vya sweta langu, kisha akaniuliza, "Bibi, mimi nitakuwa mweupe lini kama mama?"

Neema alikuwa anamenya viazi karibu na mlango. Alisikia. Aliweka kisu chini, akatoka nje, akasimama uani kwenye ukungu akiwa ametugeuzia mgongo. Sikumfuata. Nilimwambia mtoto kwamba rangi yake ndiyo yake, ni ile ile aliyokuwa nayo bibi yake, na kwamba watu walikuwa wakimsimamisha barabarani kumuuliza anatunzwa wapi. Akataka kujua bibi huyo yuko wapi. Nikamwomba ainamishe kichwa, nimalizie mstari wa nyuma.