Gari la Fundi Halikujengwa kwa Magazeti

Tuanze kwa kunyoosha yaliyopindishwa. Si kweli kwamba mjane wa Fundi alilifunika gari la mumewe kwa turubai kwa sababu ya aibu. Alilifunika kwa sababu njiwa wa jirani hawana adabu. Wala si kweli kwamba gari lile la zamani, jeupe, lenye taa za duara na bampa linalong'aa kama sahani za wageni, ni puti tupu, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi, iliyojazwa magazeti, na kwamba likinyeshewa litayeyuka kama biskuti kwenye chai. Maneno hayo yalianzia duka la spea la bwana mmoja anayeitwa Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, na kila aliyeyapokea aliyatia chumvi kabla ya kuyapeleka mbele.

Yangesemwa juu ya gari la mtu mwingine, mjane angecheka. Lakini marehemu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwona akikandika puti juu ya kutu. Puti kwake ilikuwa ya kulainishia mkwaruzo, basi. Kutu aliikata mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea bati jipya, akaligonga taratibu huku ameinamisha sikio, maana alisema bati likikaa sawa hubadili sauti. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Mteja akija kuchukua gari, jambo la kwanza alikabidhiwa sumaku, kwa kuwa sumaku hushika chuma, haishiki puti.

"Pitisha mwenyewe," Fundi alimwambia. "Ikianguka, nami nimeanguka."

Mjane, enzi hizo mwalimu wa jiografia mwenye cheti chake, alipokubali kuolewa naye, dada zake walinuna. "Umesoma kote huko uje ufue ovaroli?" Alizifua kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kukuta mfukoni kitu cha kumwonea mumewe haya.

Sasa, miaka sita baada ya mazishi, rangi ya madigadi ya nyuma kushoto, bati la juu ya gurudumu, ilikuwa imevimba malengelenge. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alifika siku hiyohiyo aliyopata habari.

"Shemeji, usijisumbue. Redio ana madigadi nzima, imetoka kwenye gari kama hili. Tunang'oa hii, tunafunga ile, kesho mchana umeshasahau."

"Na hii ya zamani?"

"Chuma chakavu tu. Nitaitupa mimi mwenyewe."

Mjane alimtazama. Shemeji huyu hajawahi kujitolea kutupa hata maganda ya ndizi.

"Kaka yako hakuwa mtu wa kung'oa kinachoweza kupona," alisema. "Itakatwa palipooza, itachomelewa. Na itafanyiwa hapo nje ya geti, mchana kweupe, wenye macho waje."

Jumamosi mchomeleaji, mtu mzima mwenye mvi aliyejifunza kazi kwa Fundi, alikuja na mitungi yake ya gesi. Redio naye alikuja bila kualikwa, na nyuma yake nusu ya mtaa. Mjane alifungua sanduku la vifaa la marehemu, akatoa sumaku, akamtia Redio kiganjani.

"Pitisha mwenyewe."

Redio akapitisha. Boneti, ikashika. Milango yote minne, ikashika mpaka akaibandua kwa kucha. Watu wakaanza kumtazama yeye badala ya gari. Akafika madigadi ya kushoto. Sumaku ikateleza, ikaanguka chini: kop!

"Nilisema mimi!" Redio akapiga makofi. "Mwalimu, hili ni ukuta, lipake chokaa!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Shemeji alikuwa tayari ameshika spana. "Si nilikwambia, shemeji? Ile ya Redio ndiyo dawa. Tuing'oe hii yaishe."

Yangeisha, ndiyo, na jina la Fundi lingeisha pamoja nayo.

"Chimba," mjane alimwambia mchomeleaji.

"Mama, mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya hawa hasa."

Mchomeleaji akaweka tindo. Puti ikabanduka mapande kwa mapande. Nyuma yake kulikuwa na bati lililopasuka kwa kugongwa, kingo zimeliwa na kutu, na ndani ya tundu gazeti, limekunjwa na kushindiliwa. Redio nusura aruke kwa furaha. Mjane akalichukua, akalikunjua kwa vidole vya mtu aliyekunjua ramani maisha yake yote, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile iliyokuwa ikifika dawati la mwisho:

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa saba." Akautaja na mwaka. "Fundi tulimzika lini, Redio? Ulikuwepo. Ulikula sahani mbili."

Redio akajibu, "Mwezi wa tatu."

"Mwaka gani?"

"Huohuo."

"Sema wasikie wa nyuma."

"Mwezi wa tatu, mwaka huohuo, Mwalimu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mchomeleaji akafuta tindo lake. "Hata mkono wenyewe si wa Fundi," alisema. "Huu ni mkono wa mtu aliyegonga mahali, akataka kurudisha gari kabla hajaulizwa."

Ni kweli kwamba mwaka ule, baada ya mazishi, gari liliazimwa kwa wiki mbili, likarudi limeoshwa na kung'arishwa kuliko lilivyoondoka. Aliyeliazima mjane anamjua. Shemeji alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba amevivaa leo mara ya kwanza.

Mjane aliinama, akaokota sumaku, akaifuta kwa pindo la gauni. Kisha akachukua karatasi ya msasa, akamnyooshea shemeji bila kumwangalia usoni.

"Pakishachomelewa, utasugua wewe. Mpaka sumaku ishike."

"Sawa, shemeji," akajibu kwa sauti ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

Redio hakuweza kujizuia. "Lakini Mwalimu, mwaka ule ufunguo alikuwa nao nani?"

"Ulitangaza kwamba Fundi alijenga gari kwa magazeti. Umesikia tarehe. Nenda ukatangaze hiyo. Mengine ni ya nyumba hii, na hayatoki."

"Nauliza tu..."

"Nami nimemaliza."