Spiriti Juu ya Santuri ya Vudee

Kosa ninalotaka kulifichua ni kupenda kambi kuliko kitu ambacho kambi hiyo inadai kukipenda. Nimeliona kosa hili kanisani, nimeliona katika siasa na katika vikao vya walimu wenzangu, na kila mara nililikemea kwa sauti ya mtu asiyekuwa nalo. Mwaka huu nililiona sebuleni kwa dereva mstaafu hapa Same, miongoni mwa wanaume sita wenye mvi waliokuwa wakigombania santuri na CD, na mmoja wao alikuwa mimi. Bado nina hasira. Naandika nikiwa nayo, kwa sababu nikisubiri ipoe nitaanza kutuonea huruma, nasi hatustahili.

Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, watatu kwa watatu. Mwenye nyumba, aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi alipostaafu, ndiye aliyeongoza kambi ya santuri, ambayo ilikuwa yangu. Santuri zake alizikusanya mji kwa mji, zikasafiri nyuma ya kiti chake zimeviringishwa katika kanga za mkewe. Kambi ya CD iliongozwa na karani mstaafu wa shamba la mkonge, mtu nadhifu kupita kiasi, aliyezipanga CD zake kwa alfabeti na kuzifuta kwa kitambaa cha miwani.

Kila kambi ilikuwa na hoja za kweli. Same ni mji wa upepo na vumbi. Vumbi huingia katika mifereji ya santuri, na joto la chini ya bati huipinda hata ikazunguka kama gurudumu lililogonga shimo. CD haina taabu hiyo. Lakini CD nayo ina maradhi yake: hushika ukungu, huchubuka, na siku moja hukwama bila onyo na kurudia silabi moja kama mlevi, ilhali santuri iliyokwaruzwa husonga mbele na kumaliza wimbo. Sisi tulisema santuri hubeba pumzi ya mwimbaji. Wao walisema kile tunachokiita pumzi ni mchanga.

"Hodi kwenye mikwaruzo," karani alisema kila alipoingia.

"Karibu, na vioo vyako vya kunyolea ndevu," dereva alimjibu.

Utani huo ulikuwa mtamu miaka ya mwanzo. Sijui uliharibika lini. Ninachojua ni kwamba ilifika mahali mtu wa CD akileta wimbo mzuri hatukuusikiliza. Tulikaa tukisubiri ukwame. Ulipokwama tulifurahi. Watu wazima, wenye wajukuu, wanafurahia wimbo kukatika.

Sasa nieleze habari ya shangazi yangu. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi Vudee, milimani, katika nyumba iliyozungukwa na migomba aliyoipanda yeye na mumewe. Mumewe aliongoza kwaya ya usharika. Alipokuwa kijana bado, walikuja watu wenye mitambo ya kurekodi, wakaichukua kwaya ile, na baadaye ikaja santuri moja nzito, nyeusi, ya aina ile ya kale inayozunguka kwa kasi. Uso wa kwanza una wimbo ambao mume wa shangazi anauanza peke yake, ubeti mzima, kabla ya wenzake kumfuata. Uso wa pili una wimbo mwingine, wote wakiimba pamoja. Mume amefariki zamani. Gramafoni ilikufa kabla yake. Shangazi aliitunza santuri kabatini, chini ya vitenge, kwa miaka mingi bila kuisikia.

Nilipopanda kumwona mwezi wa pili, nilimwamkia mara tatu kabla ya kuitikiwa.

"Marahaba, baba," alisema hatimaye. Huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. "Paza sauti. Sikio la kushoto limefunga duka. La kulia, daktari amesema nalo linafungasha."

Akaenda kabatini, akarudi na santuri.

"Nyinyi huko mjini nasikia mna chama cha mambo haya. Nataka kumsikia kabla sikio hili halijaondoka. Siku moja tu. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Nilisema hivyo bila kusita, nikiwa na ile raha ya mtu aliyeombwa jambo analolijua. Nikashuka nayo nimeikumbatia kifuani, nyuma ya bodaboda, nikimkemea mwendeshaji kila kona.

Jumapili iliyofuata niliiweka mezani mbele ya wenzangu na kuwaeleza kisa chote. Nashuhudia kwamba kwa dakika chache tulikuwa watu. Karani alivua kofia. Dereva aliisoma lebo iliyofifia, akatikisa kichwa.

Kisha karani akasema, "Tusiichezeshe ovyo. Tutafute sindano inayofaa, tuicheze mara moja tu huku tukiirekodi kwenye kompyuta, tuchome CD, tumpelekee mama. Hata santuri ikivunjika, sauti ipo."

Lilikuwa pendekezo la busara kuliko yote yaliyowahi kutolewa katika sebule ile. Nilijua hivyo hapo hapo. Lakini lilitoka upande wa pili wa chumba.

"Mtu aimbe akiwa hai, halafu umzike kwenye kioo?" dereva alimjibu. "Mama atamsikia kwenye santuri yenyewe, kama Mungu alivyotaka. Mwalimu, au unasemaje?"

"Kwenye santuri yenyewe," nikasema. Mwenzetu wa tatu akaunga mkono. Watatu kwa watatu, na nyumba ni ya dereva; tukashinda.

"Ila kwanza tuioshe," dereva akasema, akafungua kabati na kutoa pamba na chupa ya spiriti, kama alivyofanya kwa santuri zake zote.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimesoma kwamba zile santuri nzito za kale hazikutengenezwa kwa plastiki kama hizi zilizokuja baadaye; zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani uliokaushwa, na spiriti huuyeyusha utomvu huo. Nilikumbuka ukurasa wenyewe. Niliona chupa ikifunguliwa, nikafungua kinywa, kisha nikamtazama karani. Alikuwa amekunja mikono akitutazama. Nikaona jinsi atakavyotabasamu nikimzuia dereva mbele yake, muda mfupi tu baada ya sisi kushinda. Nikajiambia pengine hii si ya aina ile. Nikajiambia kidogo hakitadhuru. Nikafunga kinywa.

Dereva akapangusa uso wa kwanza kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto. Pamba ikageuka nyeusi tii.

"Mnaona uchafu? Miaka yote hiyo!" akasema kwa fahari, akachukua pamba nyingine.

Haukuwa uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe. Ulikuwa ubeti mzima wa mume wa shangazi yangu, unatoka kipande kwa kipande na kutupwa kwenye kisosi. Pamba ya tatu ilipoanza kunata, nilimshika mkono na kupiga kelele aache. Uso wa pili ulikuwa haujaguswa. Ule wa kwanza ulikuwa umepoteza mng'ao, umekuwa kama lami iliyokanyagwa. Dereva aliiweka kwenye mashine na kushusha sindano. Ukatoka mngurumo, kama mvua juu ya bati, na ndani ya mngurumo huo hapakuwa na mtu.

Ningetamani kuandika kwamba tulinyamaza. Karani alipiga paja. "Nilisema! Sikusema? CD!" Uso wake uling'aa. Dereva akamrukia kwa maneno: kama asingeleta maneno yake ya kompyuta watu wasingekuwa na haraka. Mwingine akasema kosa ni la mtengeneza spiriti. Wakaanza upya: santuri, CD, santuri, CD, huku ile sahani iliyokufa ikiendelea kuzunguka katikati yao. Hakuna hata mmoja aliyemtaja shangazi. Wala mimi sikusema kwamba nilijua. Niliichukua santuri, nikaifunga katika shati langu la juu, nikaondoka nimevaa fulana, nami tangu siku ile sijakanyaga tena sebule hiyo.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba spika za usharika wetu hutengenezwa na fundi redio mwanamke mwenye kibanda Hedaru, kando ya barabara kuu, mahali mabasi yanaposimama. Nilikwenda siku ya soko. Nilimkuta ameinamia redio ya lori, kitambaa kichwani, taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa hatujuani. Nadhani walimu tunanuka chaki. Akaifungua santuri, akaigeuza kwenye mwanga. "Nani ameipangusa hii kwa spiriti?"

"Sisi."

"Sisi akina nani?"

"Wapenzi wa muziki."

Akacheka hadi mama muuza vitunguu wa jirani akageuka. "Wapenzi! Je, maadui wangeifanyaje?"

Nikamweleza habari ya sikio la shangazi, na kwa mara ya kwanza nikasema mbele ya mtu kwamba nilijua na nikanyamaza. Hakunifariji. Aliuliza tu sikio lipi bado linasikia, na kama shangazi husikia vizuri zaidi sauti nzito au nyembamba. Katika miaka yote ya Jumapili zetu sisi sita hatujawahi kuulizana swali kama hilo. Kisha akatoa sindano nene ya kale, akaeleza kwamba ile ya dereva ni nyembamba mno kwa mifereji hii, akaicheza ile santuri upande wa pili mara moja, mara moja tu, akiirekodi. Aliketi na wimbo ule mchana kutwa, akipunguza mngurumo na kuinua sauti za wanaume. Kambi yoyote ingepiga kelele.

Jumamosi alipanda nami Vudee mwenyewe, na simu na vipokea sauti vikubwa vya masikioni. Kabla hajamvisha shangazi, nilimweleza kilichoupata uso wa kwanza, na kwamba nilikuwa na uwezo wa kuzuia. Ilinibidi niseme mara mbili, kwa sauti ya juu, mpaka majirani waliokuwa wakisafisha mfereji wa maji huko chini wakasimamisha majembe.

"Na kusoma kote huko, baba," shangazi alisema. Hajasema jingine juu ya jambo hilo hadi leo.

Fundi akamvisha, akafungua sauti taratibu upande wa kulia. Shangazi akafumba macho. Kwaya nzima ilikuwa inaimba, wanaume ishirini, labda zaidi, nami sikutarajia kitu. Ghafla akainua kidole.

"Huyo! Ameingia kabla ya wenzake. Siku zote alikuwa hawezi kusubiri." Akacheka, kisha akalia, kisha akaomba irudiwe. Fundi akairudia. Akaomba tena. Iliporudiwa mara ya saba, alimshika fundi mkono na kuniuliza huyu ni nani, amtaje katika sala zake za jioni. Na kwa kuwa hakunisikia nilipomjibu, ilinibidi nimpigie kelele sikioni: fundi redio wa Hedaru.