Nani Anakata Uyoga wa Mzee Léonce

Kijijini Saint-Merle, mwezi wa Oktoba, mtu hutazamwa viatu kwanza, uso baadaye. Tope jekundu maana yake katoka mtoni. Majani ya msonobari maana yake kapanda kilimani. Ndiyo maana mzee Léonce Chabrier, dereva mstaafu wa lori la maziwa, hufuta viatu vyake kwa gazeti kabla ya kuingia kununua mkate.

"Umepata kitu, mzee?" humwuliza mama muuzaji.

"Kitu gani? Msitu mkavu kama mahubiri ya padri."

Mama hutabasamu tu. Wateja wote waliotangulia nao walikuta msitu mkavu, na wote viatu vyao vinang'aa.

Mahali pake pa uyoga Léonce aliachiwa na mama yake, aliyemnong'oneza siku tatu kabla ya kufa. Ni kibonde chenye mialoni minne, na chini yake huota sepi, ule uyoga mnene wenye kofia ya rangi ya mkate uliokolea moto. Hajamwonyesha mtu. Marehemu mkewe alikula sepi zile miaka thelathini na minane bila kujua zilitoka wapi, wala hakuuliza. Kwao nako kulikuwa na mahali pao.

Sasa mzee anaishi na bintiye Solange, mkwewe Gaëtan na mjukuu, Maëlle. Kila Jumapili ya msimu ule wanne hao hujipakia garini hadi kwenye kanisa dogo lililobomoka paa. Hutandika blanketi, hukata mkate na soseji kavu, Gaëtan hufungua mvinyo. Kisha Léonce huchukua kikapu, hushika njia ya kushoto, na akishatoweka machoni huzunguka kilima kizima kwenda kulia. Mzunguko ule hummalizia nusu saa na goti zima.

"Baba, huko kushoto kuna nini?" Gaëtan aliwahi kumwuliza.

"Nyoka."

Mwaka huu, Jumapili ya kwanza, mzee alifika kibondeni akakuta vishina vitupu. Jumapili ya pili, vishina tena. Aliinama akachunguza. Mgeni angeng'oa na kuvuruga udongo. Huyu alikata kwa kisu, mshazari, vile vile akatavyo yeye. Mwizi yumo ndani ya nyumba.

Nani kama si Gaëtan? Mtu wa Lyon, mwenye simu inayohesabu hata hatua zake. Mezani mzee akaanza kumpima.

"Mkwe, naona siku hizi una rangi ya jua. Unatembea sana?"

"Kidogo tu, Baba. Daktari kasema."

"Daktari kasema utembee wapi?"

"Popote."

Popote! Mzee alimeza supu, na neno lile likamkaa kooni. Usiku alivipindua viatu vya mkwe: vumbi la barabarani tu. Akasema moyoni, huyu ni hatari zaidi, anajua kufuta.

Ijumaa akatega. Alishika kiuno mbele ya wote, akatangaza mgongo umekataa, wiki hii haendi msituni. Gaëtan akampa pole ndefu kupita kiasi. Asubuhi ya Jumamosi, nyumba ikiwa bado imelala, mzee akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kujibanza ndani ya kichaka cha kangaga juu ya kibonde. Umande ulimlowesha hadi mapajani. Akangoja.

Hatua zikaja upande wa kulia, moja kwa moja, bila kuzunguka. Mtu akateremka mteremko kwa wepesi, akapiga goti, akafungua kisu.

Alikuwa Solange.

"Tangu lini?" sauti ya mzee ikatoka kangagani.

Solange hakuruka. Alimalizia kukata, akautia uyoga kikapuni. "Tangu nina miaka minane. Nilikufuata. Ulikuwa unaimba njia nzima, Baba, hata kipofu angekufuata."

"Na unaniibia?"

"Mwaka jana ulianguka hapo kwenye mteremko. Unakumbuka? Tulikutafuta kwa muda wa saa tatu, sisi na majirani, upande wa kushoto, kwa sababu ndiko ulikotudanganya kwamba unakwenda. Mimi nilijua ulipo."

"Sasa mbona hukuja moja kwa moja?"

Kisu kikabaki mkononi. "Majirani walikuwa nyuma yangu. Nilisubiri watawanyike kwanza."

Mzee alimtazama. Kwa saa tatu nzima alilala juu ya majani akidhani hakuna ajuaye, kumbe alikuwepo aliyejua, akiwazungusha watu mbali na kibonde. Hakujua akasirike au amshukuru. Mama yake angefanya hivyo hivyo.

"Tangu siku hiyo silali," Solange akasema. "Nikasema nitakuwa naumaliza uyoga mimi mapema, uone hakuna kitu, uache kuja. Goti hilo litakuua huku."

"Na uyoga unaupeleka wapi?"

"Kwa mwenzangu wa kazini, kwenye friza."

"Ukamwambia umeutoa wapi?"

"Kushoto kwa kanisa."

"Gaëtan je?"

"Anajua nimekwenda kutengeneza nywele."

Mzee akajishikilia tawi, akajiuliza kama ateremke. Goti likajibu kabla yake. "Basi kata wewe," akasema. "Mimi nakaa huku juu. Ule mdogo uache. Na ufunike vishina kwa majani, unaacha ushahidi kama mtalii."

Jumapili, kwenye blanketi, baba na binti walisimama pamoja wakashika njia ya kushoto.

"Leo mnakwenda wawili?" Gaëtan akauliza, glasi ikiwa imesimama hewani.

"Mgongo wa Baba," Solange akajibu, bila hata kugeuka. "Akiinama nimshike."

Ilitoka laini mno, uso wake mkavu kabisa. Léonce alitembea nyuma yake, macho kwenye mgongo wa bintiye, akihesabu miaka tangu awe na minane, na mambo mengine yote ambayo Solange aliwahi kumwambia kwa sauti ile ile.